Usimuulize Mzee, Msomee

Ukimuuliza mzee wa Kipemba habari za mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi ya Zanzibar, aghalabu atakujibu: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Kisha ataulizia kama alasiri imeshaadhiniwa, au atakutuma maji ya kunywa, na mazungumzo yameishia hapo. Nimekulia Wete katika nyumba ambayo methali hiyo ilifanya kazi ya komeo. Sisi watoto tulijua kwamba tuna babu Muscat, kwamba dada yake bibi kazikwa pwani ya Kenya, kwamba ami aliwahi kuondoka usiku akarudi baada ya miezi mingi. Tulijua nani hutuma kanga na nani hutuma tende karibu na Ramadhani. Waliondokaje, na kwa nini, hatukujua. Hakuna aliyetukataza kuuliza, ila tulikuwa tunaona wenyewe uso wa mtu mzima unavyobadilika.

Sasa mimi ni mwalimu wa Kiswahili, hapa hapa Pemba, na ninaandika haya kwa wenzangu ambao bado wana wazee ndani ya nyumba. Wakati tulionao si mrefu. Nilichojifunza ni kwamba mzee wetu hapendi kuhojiwa, lakini akisomewa hadithi hawezi kuiacha ipite na kosa ndani yake.

Mambo yalianzia mbali. Tarehe 7 Oktoba 2021 ilitangazwa kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyeondoka baada ya Mapinduzi akiwa kijana na akaja kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Kent, ametunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Tulifurahi sana huku visiwani. Baada ya furaha likaja swali: vitabu vyenyewe viko wapi? Vyote vilikuwa vya Kiingereza, na Pemba hata hivyo vya Kiingereza havikuonekana. Mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ikatoa riwaya yake moja kwa Kiswahili, Peponi, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, naye Mzanzibari anayefundisha London. Nakala yangu ilikuja ndani ya mkoba wa mwalimu mwenzangu aliyekuwa anatoka Dar es Salaam kwa boti.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kwa asiyejua, karafuu huchumwa na mashada yake, na jioni lazima zichambuliwe kabla ya kwenda juani kesho yake. Unashika shada kwa mkono mmoja, unalisukuma kwa kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinamwagika kwenye jamvi na makonyo yanabaki mkononi. Ni kazi ya wanawake na watoto, ya kukaa kitako saa nyingi, vidole vinageuka vyeusi na harufu inaingia mpaka kwenye nywele. Mikono ina kazi, masikio hayana. Nikamwambia bibi yangu mzaa baba, ambaye umri wake umepindukia themanini, kwamba nitawasomea kitabu cha yule mtu wa Unguja aliyetangazwa redioni. Akasema, "Soma, lakini usisome mbio kama unafukuzwa."

Kitabu kinaanza na kijana, Yusufu, ambaye baba yake anamkabidhi kwa mfanyabiashara kwa sababu ya deni. Nilipofika hapo mkono wa bibi ulisimama. "Deni la nini?" Nikamjibu kwamba ni la biashara. Akatikisa kichwa. "Sisi hapa deni lilikuwa la karafuu," akasema, na akaanza kueleza jinsi baba yake alivyoweka shamba rehani kwa tajiri wa mjini, na jinsi ulivyokuja mwaka ambao karafuu zilikuwapo na mnunuzi hayupo. Magunia yalilala nyumbani, watu wakilala juu yake. Yeye alikuwa hajazaliwa, aliyasikia kwa mama yake. Lakini alijua magunia yaliwekwa upande gani wa ukumbi, na alijua mama yake aliuza bangili zipi ili shamba lisichukuliwe.

Nilikwenda kuutafuta mwaka huo, nikaupata. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria za kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasichukuliwe na wakopeshaji. Mwaka 1937 ikakipa chama kimoja cha wakulima wa karafuu haki ya pekee ya kununua karafuu za kusafirishwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na kule India chama cha Congress kikaunga mkono watu wasinunue karafuu za Zanzibar mpaka mambo yalipopatanishwa mwaka 1938. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa. Kwa hiyo ubishi wa London, Bombay na Unguja ulifika mpaka kwenye mkono wa mwanamke mmoja wa Wete, ukamvua bangili. Nimefundishwa siasa za dunia skuli na chuoni, na hakuna somo lililonionesha hilo.

Tangu hapo nimezoea kuiangalia familia yetu hivyo. Kizazi cha baba yangu kilitawanyika kwa sababu ya Indonesia, nchi ambayo wengi wao hawakuikanyaga. Waindonesia walikuwa wakinunua karafuu zetu kwa ajili ya sigara zao. Walipopanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi ikawatosha, bei ya dunia ikaanguka katika miaka ya 1980. Hapo ndipo nyumba za Pemba zilipoanza kutoa vijana kwenda Bara, Mombasa na Uarabuni. Watu husema vijana wa Kipemba wana tabia ya kuhama. Hawana tabia hiyo zaidi ya mtu mwingine yeyote. Mti waliorithi uliacha kuwalisha.

Nimejiuliza sana kwa nini riwaya imeweza pale ambapo swali limeshindwa. Visiwani kwetu kuuliza "nani alifanya nini" kuna harufu ya uchunguzi. Mzee ameishi katika zama ambazo jibu la swali kama hilo lilimpeleka mtu kizuizini, na jirani wa leo huenda ni mtoto wa aliyehusika. Hadithi haimtaji jirani. Inamtaja Yusufu, na Yusufu hana ndugu mtaani wa kuchukia. Mzee anaweza kumhurumia, kumlaumu, kusema "huyu angefanya hivi," na akisema hivyo ameshasema lake.

Jioni moja alikuwapo bibi yangu wa pili, mzaa mama, amekuja kutoka Mtambwe kutusaidia. Ni lazima nieleze kidogo. Upande wa baba yangu walikuwa na shamba la karafuu, si kubwa sana, lakini la kuitwa shamba, na baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 walinyang'anywa. Upande wa mama yangu hawakuwa na chochote. Babu alikuwa akichuma na kulima kwa watu, na katika ugawaji wa ardhi ule uliofuata akapewa eka tatu. Aliyaombea dua Mapinduzi mpaka siku ya kufa kwake. Kila mwaka Januari inapofika nasikia historia yetu ikielezwa ama kwa upande mmoja ama kwa upande wa pili, na mimi ni mjukuu wa pande zote mbili. Bibi zangu wameoana watoto, wameleana wajukuu, wamezikiana waume, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kusikia neno hilo likitajwa baina yao.

Basi tulikuwa tunasoma jinsi Yusufu anavyofanya kazi duka la mtu mwingine bila mshahara. Bibi wa Mtambwe akasema, bila kuinua macho kwenye jamvi, "Mtu kama huyu ndiye aliyekuwa apewe eka tatu."

Hakuna aliyesema kitu. Zikachambuliwa karafuu. Kisha bibi mzaa baba akasema, "Angepewa. Na mimi ningemuona anapita kwenye mikarafuu aliyoipanda babu yangu."

"Babu yako aliipanda kwa mkono wake?"

"Hapana, dada'ngu. Nani asiyejua? Kwa mikono ya watu."

"Basi."

"Basi, lakini mama yangu alilia."

"Najua kwamba alilia," akasema bibi wa Mtambwe. "Nilikuwa napita njiani, nikamsikia."

Sikuendelea kusoma usiku ule. Waliendelea wao, mpaka taa ikazimwa, wakitajiana mipaka ya mashamba, nani alipewa wapi, nani aliuza, nani alirudishiwa heshima yake na nani hakurudishiwa. Hawakukubaliana. Lakini walisikilizana mpaka mwisho, na asubuhi yake walianika karafuu pamoja. Nimesoma vitabu vya wanahistoria juu ya mwaka huo, vingine vizuri sana, na sijaona ukurasa uliobeba haki ya wote wawili kama usiku ule.

Baada ya hapo nikaanza kurekodi kwa simu ninaposoma, kwa ruhusa yao, na kutuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la familia. Huko ndiko alikonipata babu wa Muscat, mdogo wake bibi mzaa baba.

Yeye aliondoka kabla ya uhuru, kijana mdogo, kwenda kusoma Cairo. Misri ya Gamal Abdel Nasser ilikuwa ikiwapa vijana wa Zanzibar nafasi za masomo, na redio yake ikitangaza kwa Kiswahili dhidi ya ukoloni. Uhuru ulipatikana Desemba 10, 1963 akiwa huko, na Mapinduzi yakatokea mwezi mmoja na siku mbili baadaye, akiwa huko huko. Dola iliyopata uhuru ilikuwa imeondoka, na yeye hakujua tena nyumbani kwao atapokewa kama nani. Hakurudi. Mwaka 1970 Sultan Qaboos aliposhika madaraka, Oman ilihitaji watu waliosoma, na ikawaita wenye asili yake waliokuwa nje. Mama yao babu na bibi alikuwa na asili ya Oman. Kule asili hiyo ilimpatia babu kazi na uraia, na katika miaka ile ile huku Wete watu wa nyumba yake walikuwa wakijitahidi isitajwe.

Hayo niliyajua kwa vipande. Nilipotuma sura ambayo Yusufu anapandishwa gari la moshi na kupelekwa mbali na wazazi wake, babu alijibu kwa sauti ndefu. Alianza kwa kusema, "Huyu mtoto hakuagwa vizuri." Halafu akasimulia siku yake. Mama yao alimfungia chupa ya samli na kopo la pilipili ya kusaga, kwa kuogopa chakula cha ugenini. Njiani samli ikavuja, ikaloa shati zake zote mbili nzuri, akaingia Cairo ananuka samli mbele ya vijana wa mataifa mengine, akaona haya, akazitupa zile shati. "Sikujua kwamba ndiyo harufu ya mwisho ya mama niliyobaki nayo," alisema. Mama yao alifariki kabla hajaweza kurudi. Gurnah mwenyewe alirudi Unguja kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na babu alikuja nyuma yake kidogo, masharti yalipolegezwa. Kaburi lilikuwa limeshaota majani.

Nilimuwekea bibi ile sauti sikioni. Alisikiliza yote, kisha akaniambia nibonyeze na yeye ajibu. Akasema, "Mdogo wangu, kile kifuniko nilikifunga mimi. Mama hakukosea."

Siku hiyo kundi zima lilijaa. Watu waliokuwa wakitumiana salamu za Ijumaa na picha za maua walianza kueleza safari zao. Shangazi wa Dubai, binamu wa London aliyeingia kwa kuomba hifadhi, mdogo wangu. Sitaweza kuyaandika yote hapa, na mengine si yangu kuyatoa.

Lakini la Kenya nitalisema, kwa kuwa linajulikana hadharani. Dada mkubwa wa bibi aliolewa na mvuvi aliyekuwa akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya ugenini, na pepo za kusi, akavua pwani ya Kenya kisha akahamia huko na mkewe, enzi ambayo mpaka haukumzuia mtu mwenye dau. Waliishi huko, wakazaa huko, wajukuu wakazaliwa huko. Nchi zikapata uhuru, mipaka ikawa mipaka kweli, na wao wakajikuta hawamo kwenye daftari la upande wowote. Binamu zangu hao walikuwa watu wazima wasio na kitambulisho. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti benki, kazi ya maana huipati, na polisi akikusimamisha njiani huna cha kumuonesha. Waliishi hivyo mpaka mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipowatambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za nchi hiyo na kuanza kuwapa vitambulisho. Binamu yangu mmoja wa Kilifi alipiga picha kadi yake akaituma kwenye kundi bila maneno. Babu wa Muscat, mtu wa miaka zaidi ya themanini, mwenye paspoti yake, alijibu: "Sasa umezaliwa rasmi, mwanangu. Na mimi nilingoja."

Na watu hao ndio waliompokea ami. Maandamano ya chama cha upinzani cha CUF ya Januari 27, 2001 yalipozimwa kwa risasi hapa Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, pwani ya Kenya. Tanzania, iliyokuwa imezoea kupokea wakimbizi wa nchi jirani, safari hii ilitoa wakimbizi wake yenyewe. Ami aliingia kwa jamaa ambao kwa mujibu wa sheria hawakuwa na nchi, na wao wakampa kitanda. Baada ya muafaka wa CCM na CUF wa Oktoba mwaka huo kutiwa saini, alirudi. Tunaposoma yeye hukaa nje barazani, karibu na dirisha, anavuta uradi wake. Hajasema neno. Sijamuuliza na sitamuuliza, lakini dirisha siku hizi tunaliacha wazi na mimi husoma kwa sauti kubwa zaidi.

Nalikumbuka pia la Februari 2022, miezi michache kabla ya Peponi kunifikia. Urusi ilipoivamia Ukraine, watalii mamia wa Ukraine walikuwa Unguja kwenye mapumziko, wakashindwa kurudi kwao. Bibi alisikia redioni. Hakuuliza vita vimesababishwa na nini. Aliuliza, "Wana pa kulala? Kuna watu wao wanaojua kama wazima?" Wiki zilizofuata unga wa ngano ulipanda bei na mandazi ya asubuhi yakapungua ukubwa, na hapo wengi ndipo walipoanza kuijadili Ukraine barazani. Yeye alikuwa ameshaielewa. Alikuwa na mdogo wake aliyewahi kukutwa ugenini nchi ikiwa imebadilika nyuma yake. Nadhani anayejua historia ya nyumba yake huzisikia habari za dunia mapema zaidi kuliko wenye ramani mezani.

Kwa atakayetaka kujaribu, nina machache. Usimshikie mzee kalamu mbele ya macho. Rekodi kwa idhini yake, au kumbuka kisha uandike baadaye. Chagua wakati ambao mikono yake ina kazi. Akikukosoa kitabu, usikitetee, hata kama kitabu ndicho kilicho sahihi. Mwite jirani wa upande wa pili wa siasa naye akae, ukiweza. Hapo ndipo penye faida kubwa. Usianze na vitabu vya historia, kwa kuwa hivyo humfanya mzee aone anasahihishwa. Anza na riwaya, na hatuna uhaba wa waandishi wetu: Adam Shafi wa Unguja, Said Ahmed Mohamed, Mpemba mwenzetu aliyefundisha mpaka Japani na Ujerumani na bado akaandika Kiswahili cha kwao. Uhaba tulionao ni wa nakala. Kuna skuli Pemba ambazo mwalimu ana kitabu kimoja na wanafunzi darasa zima, na riwaya moja inaweza kumaliza pesa ya chakula ya siku kadhaa. Hili linaniuma, maana waliotunukiwa na kusifiwa ulimwenguni wameandika habari za watu hawa hawa ambao kitabu hakiwafikii. Mwenye ndugu ng'ambo anayeuliza alete zawadi gani, na amwambie alete vitabu.

Rekodi zetu nimeziweka mahali patatu, kwa binti yangu, kwa binamu wa Kilifi na kwa babu Muscat, ili simu moja ikiharibika zisipotee. Peponi tumeimaliza. Sasa tumeanza Kuli ya Adam Shafi, inayohusu wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Babu ametuma ujumbe kwamba tusifike sura za mgomo mpaka awe amepona mafua, kwa kuwa ami yake alikuwa bandarini siku zile na yeye ndiye anayejua kilichotokea. Bibi amejibu kwamba mdogo wake siku hizo alikuwa bado hajui kufunga msuli, na kwamba nisome.